Kuchagua Tambi za Supu

Yako mambo mengi katika maisha ya mwanadamu yaonekanayo madogo hata mtu akaona haya kuyatia kalamuni. Uchaguzi wa tambi za kutia katika supu ni moja la mambo hayo. Ukimwuliza mpishi kwa nini ametia tambi ndefu katika supu yake wala hakutia fupi, yamkini atakujibu kuwa ndizo zilizokuwamo kabatini, na kwamba unga ni unga, uwe umenyooshwa, umeviringishwa au umekatwakatwa. Jibu hilo lina sura ya hekima, maana tambi za kukausha, ziwe za umbo lo lote, hufanywa kwa unga wa ngano na maji. Walakini nakuomba, msomaji, uvumilie nami kwa kurasa hizi chache, nikueleze kwa nini naamini kuwa kila umbo la tambi lina kazi yake, na kwa nini mtu aliyejifunza kuichunguza kazi hiyo amejifunza jambo lenye faida zaidi ya supu.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya majina. Pwani yetu neno tambi hutumika hasa kwa zile nyembamba kama nywele, zipikwazo kwa sukari, iliki na tui la nazi, zikaliwa katika futari za Ramadhani na siku za Idi. Madukani twazikuta pia zile ndefu ziitwazo spageti, na vile vijibomba vilivyopinda viitwavyo makaroni. Waitalia, ambao wamezishughulikia kuliko watu wengi, huziita zote pasta. Katika insha hii nitalitumia neno letu, tambi, kwa jamii yote hiyo, ndefu na fupi, pana na nyembamba.

Tambi ni wasafiri wa zamani. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemwandikia kitabu Mfalme Roger wa Pili wa Sicily mwaka 1154, alieleza habari za Trabia, mahali karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza chakula cha unga chenye umbo la nyuzi, wakakipakia merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kwa hiyo ile hadithi isimuliwayo mara nyingi, kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta tambi Italia kutoka Uchina, haiwezi kusimama. Marco Polo alirejea Venice mwaka 1295, miaka 141 baada ya kitabu cha al-Idrisi. Kukaushwa ndiko kulikozipa tambi uwezo wa kusafiri, kwa kuwa unga uliokauka vema hauvundi upesi baharini. Baadaye sana, Waitalia walipoitawala sehemu ya kusini ya Somalia, tambi zilizoea majiko ya huko. Wasomali huziita baasto, na hata leo, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru wa mwaka 1960, huliwa Mogadishu na katika mikahawa ya Eastleigh, Nairobi, mara nyingi pamoja na ndizi mbivu. Si chakula kigeni kwetu, basi, na twaweza kukizungumza kama watu wakijuao.

Sasa tutazame umbo huzaliwaje. Tambi za kukausha za Italia hufanywa kwa ngano ngumu, ambayo punje zake zikisagwa hutoa unga wa chengachenga wenye rangi ya manjano. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliamuru kuwa tambi za kukausha zitengenezwazo huko zifanywe kwa ngano hiyo. Unga hukandwa kwa maji, kisha donge lake husukumwa kwa nguvu kubwa lipite katika bamba nene la madini lenye matundu. Tundu likiwa duara, hutoka uzi. Likiwa na kijiti katikati, hutoka bomba. Likichongwa mfano wa nyota, hutoka mche wa nyota, ambao kisu huukata vipande vyembamba kadiri unavyochungulia nje. Bamba la shaba nyeusi huacha mikwaruzo midogo juu ya tambi, nazo hutoka na ngozi ya kukwaruza ishikayo mchuzi. Bamba lililofunikwa kwa teflon huzitoa laini na zenye kung'aa. Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga, na hata nyota iliyo ndogo kuliko punje ya mchele imeundwa.

Tufuate sasa tambi zetu mpaka chunguni. Ndani yake mna wanga na protini. Wanga umo katika chembe ndogo sana, na chembe hizo zikipata maji pamoja na joto lipitalo kiasi cha digrii 60 za Selsiasi, huyanywa maji na kuvimba. Protini ya ngano, iitwayo gluteni, hufanya kazi kama wavu wa mvuvi, ikizizuia chembe hizo zisitawanyike. Ngano ngumu ina wavu imara, na ndiyo sababu tambi zake hustahimili mchemko bila kuwa uji. Lakini hata wavu imara una kikomo chake. Maji huingia polepole kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo tambi nyembamba hufikiwa moyoni upesi, na nene huchukua muda. Tena zote, zikiisha kuiva na zikaachwa katika supu ya moto, huendelea kunywa. Gramu 100 za tambi kavu zikiiva huwa takriban gramu 200, au hupita hapo. Uzito ulioongezeka umetoka wapi? Umetoka katika maji, na katika supu maji hayo ndiyo supu yenyewe. Mtu asiyelijua jambo hili hutia tambi kwa ukarimu, akafunika sufuria, kisha akarudi baada ya saa moja akakuta ana tambi bila supu.

Basi mtu atakaye kuchagua vema na ajiulize maswali manne. Matatu yahusu chungu, na la nne lahusu mtu.

Swali la kwanza ni la kijiko. Chakula cha sahani huliwa kwa uma, na uma huweza kuizungusha tambi ndefu ikawa tonge. Supu huliwa kwa kijiko, na kijiko hakina meno. Spageti moja huwa na urefu wa kiasi cha sentimita 25, hali bakuli la kijiko cha supu halifiki sentimita 8. Tambi hiyo ikichotwa, sehemu kubwa yake huning'inia nje kama mkia wa mjusi, ikidondosha matone mezani na nguoni. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: kila tambi ya supu ienee ndani ya kijiko, na pabaki nafasi ya supu na kipande cha mboga. Ukitaka kuijaribu, chota mara moja utazame. Kijiko kikibeba tambi, mchuzi na karoti pamoja, umechagua sawasawa. Kikibeba tambi peke yake, hukuchagua sawasawa, hata kama tambi zenyewe ni za bei ghali.

Swali la pili ni la supu. Iko supu nyepesi iliyochujwa, kama ile ya kuku au ya mifupa, ambayo waweza kuiona chini ya bakuli. Supu hiyo ni kama mgeni mpole. Ukimweka pamoja na watu wenye kelele hutaisikia sauti yake. Hutaka tambi ndogo sana na nyembamba. Waitalia huzipa tambi hizo majina yavutiayo. Wana stelline, yaani nyota ndogo, na anellini, pete ndogo. Wana acini di pepe, ambazo ni kama punje za pilipili manga, na orzo, ambazo jina lake maana yake ni shayiri, kwa kuwa zafanana na punje zake. Wana pia capelli d'angelo, nywele za malaika, ambazo ni jamaa wa karibu wa tambi zetu za pwani. Zote hizi huiva upesi, nyingine kwa dakika 2 au 3, nyingine kwa dakika 5 au zaidi, wala hazipati muda wa kuivuruga supu kwa wanga mwingi.

Iko pia supu nzito, ya maharagwe, viazi, karoti na kabichi, ambayo kijiko husimama ndani yake kwa shida ya kuanguka. Humo nyota ndogo hupotea kama chumvi baharini. Supu hiyo hutaka tambi yenye mwili na yenye uwazi. Ditalini ni vijibomba vifupi, na jina lake latokana na kastabini, kile kifuniko cha kidole atumiacho mshonaji. Conchigliette ni kombe ndogo. Uzuri wa maumbo haya ni kwamba uwazi wake huchukua mchuzi mzito ndani, na mara nyingine harage moja hukaa katika kombe kana kwamba limetengenezewa kiti. Mlaji akitafuna, hupata tambi na mchuzi kwa pamoja. Ndiyo sababu Waitalia wanapopika tambi na maharagwe, chakula cha wakulima tangu zamani, hupenda kutia vijibomba vifupi. Unene wa tambi huufuata unene wa supu, na kila chombo kwa wimbile.

Usidhani kuwa elimu hii ni ya matajiri tu. Huko Naples, mabaki ya tambi za kila namna, zile zilizovunjika na zile zilizosalia kidogo kidogo mwishoni mwa masanduku ya wachuuzi, yaliuzwa kwa bei nafuu, na maskini waliyanunua kwa kupikia supu za maharagwe na viazi. Mchanganyiko huo ulipendwa hata siku hizi hutengenezwa makusudi na kuuzwa katika mifuko kwa jina la pasta mista. Utauliza: mbona mchanganyiko huo wavunja kanuni zote? Hauzivunji. Vipande vyake vyote ni vifupi, vyaenea kijikoni, na katika supu nzito vile vyembamba hulainika kabisa vikaizidisha uzito, na vile vinene hubaki na kutafunika. Umaskini uliwafundisha watu wale kutazama kazi ya kitu kabla ya sura yake.

Na upande wa pili wa nchi hiyo hiyo, katika Bologna, wako watu walioutunza uchaguzi huu kama urithi. Tortellini, vile vijifuko vidogo vya tambi vilivyotiwa nyama na jibini ndani, huliwa huko katika supu nyepesi, hasa wakati wa Krismasi. Tarehe 7 Desemba 1974 maelezo ya kutengeneza kijazo chake yaliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo, ili mtu ye yote atakaye kujua kilicho sahihi apate pa kuuliza. Kijifuko hicho kimebeba ladha yote ndani yake, kwa hiyo hakihitaji mchuzi mzito. Supu iliyo safi humtosha mlaji.

Swali la tatu ni la muda. Je, supu italiwa yote sasa hivi, au nyingine itabaki mpaka kesho? Ikiwa italiwa yote, tia tambi chunguni dakika chache kabla ya kupakua, zipate kunywa ladha ya supu zikiwa zaiva. Ikiwa nyingine itabaki, zichemshe tambi mbali katika maji yenye chumvi, uzichuje, kisha utie kila bakuli fungu lake na kumimina supu juu. Njia nyingine ni kutenga ile supu ya kesho kabla hujatia tambi. Hapa pia umbo lina neno lake. Tambi ndogo na nyembamba hazingoji mtu, na zikilala katika supu huamka zikiwa uji. Vijibomba vinene huvumilia kidogo, lakini navyo havivumilii usiku kucha. Kiasi nacho kiangaliwe. Katika sahani ya tambi kavu mtu mmoja hupimiwa gramu 80 hadi 100; katika supu nyepesi gramu 30 hadi 40 zamtosha.

Swali la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mlaji ni nani?

Marehemu nyanya yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliingia uzeeni na maradhi ya kutetemeka mikono. Alikuwa mwanamke mnadhifu. Hata siku asizotarajia mgeni, leso zake zilinukia udi, na kula kwake kulikuwa kwa utulivu, pasipo kudondosha hata punje ya wali. Nyumbani kwetu ilikuwa desturi kupika supu ya kuku yenye spageti usiku wa Ijumaa, nasi tulikusanyika wote. Usiku mmoja, mbele ya wageni, tambi ndefu ilimteleza kijikoni ikaanguka kifuani pake. Aliipangusa kimya kwa ncha ya leso. Tangu usiku huo, kila supu ilipopakuliwa alichota mara mbili au tatu, kisha akaweka kijiko chini na kusema, "Nimeshiba, wanangu. Kuleni nyinyi." Baada ya majuma machache alianza kusema kuwa angekula chumbani kwake, na sahani yake ikarudi jikoni karibu kama ilivyokwenda. Alikonda hata bangili zikawa zamvuka kiganjani. Jirani walisema uzee ndivyo ulivyo, humwondolea mtu hamu ya chakula.

Kisha shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Malindi, ambako alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wageni iliyopokea Waitalia wengi. Alikaa karibu na mama yake jioni moja, akala, akatazama, wala hakuuliza lo lote. Siku ya pili aliingia jikoni, akazifunga spageti katika kitambaa safi, akazivunjavunja kwa mchi mpaka zikawa vipande visivyozidi ukucha wa mtoto. Akapika supu ya kuku, akaponda kiazi kimoja ndani yake ili iwe nzito kidogo isimwagike kwa wepesi. Alipopakua alimwendea nyanya, akamwambia kwa adabu:

"Mama, njoo ukae nasi leo unionjee supu yangu. Nataka kujua kama chumvi imetosha."

Nyanya hakuweza kulikataa ombi la namna hiyo. Alikuja, akaketi, akachota. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake, kijiko kikatikisika, na supu kidogo ikarudi bakulini, lakini tambi zilikaa mahali pake. Akala kijiko cha kwanza na cha pili. Alipofika nusu ya bakuli alianza kuzungumza na wajukuu, jambo ambalo hakulifanya wakati wa chakula kwa muda mrefu. Alipomaliza alilisukuma bakuli mbele kidogo, akasema, "Chumvi imetosha. Nitilie tena."

Hakuna aliyesema neno juu ya mikono. Baadaye, tulipokuwa tukiosha vyombo, nilimwuliza shangazi alilijua wapi jambo lile. Alinijibu kuwa Waitalia aliowapikia walimweleza kuwa kwao mtoto mdogo, mgonjwa na mzee hupewa tambi ndogo kabisa katika supu nyepesi, na kwamba hakuna azionaye kuwa chakula cha kuonea haya, kwa sababu kila mtu amezila utotoni na atarajia kuzila tena. "Huku hazipatikani kila duka," alisema, "lakini mchi na kitambaa vipo."

Nimelieleza jambo hili ili uone, msomaji, ni kitu gani hasa kilichokuwa kikipimwa katika umbo la tambi. Unga wa spageti zile ulikuwa ule ule. Kuku alikuwa wa soko lile lile. Kilichobadilika ni urefu wa kipande cha unga, kutoka sentimita 25 hadi chini ya sentimita 1, na urefu huo ndio uliokuwa umemtenga mwanamke mzee na jamaa yake. Ugonjwa wake haukupona, wala supu si dawa ya maradhi ya namna ile. Lakini tangu siku hiyo hakula tena chumbani peke yake.

Sasa labda wasema, haya yote yanifaa nini mimi niliye mbali na Bologna na Naples, ambaye duka la karibu lina spageti na makaroni tu? Yakufaa, kwa kuwa umbo laweza kupatikana kwa mikono. Spageti zikivunjwa ndani ya kitambaa, ili vipande visiruke kila upande, huwa tambi nzuri za supu. Waitalia wenyewe hufanya hivyo majumbani mwao. Makaroni yaliyopinda ni mafupi na yana uwazi, basi yape kazi katika supu ya maharagwe au ya kunde, ambamo yatashika mchuzi. Tambi zetu nyembamba za pwani zivunje, uzikaange kidogo kwa mafuta au samli mpaka zigeuke rangi ya dhahabu, ndipo uzitie katika supu ya kuku; ukaangaji huo huzipa harufu nzuri na kuzikawiza kulainika. Watu wa Mexico hufanya vivyo hivyo na tambi zao za supu. Tena wewe unayepikia mkaa au kuni, kumbuka kuwa tambi ndogo huiva kwa muda mfupi, na muda ni moto, na moto hununuliwa.

Wako watakaoniambia kuwa nimekuza mdudu akawa ndovu. Watasema kuwa njaa haichagui umbo, na kwamba mwenye tumbo tupu atashukuru kwa spageti hata zikiwa na urefu wa kamba ya kisima. Neno hilo ni kweli, nami silipingi. Chakula kikikosekana, kipatikanacho ndicho bora. Lakini mara nyingi hatukosi. Twakuwa na unga, maji, moto na wakati, kisha kilichobaki ni fikira ya dakika moja, nayo twaiacha. Nyanya yangu hakukosa chakula siku zile alipokonda. Chakula kilikuwa mbele yake kila siku, katika umbo asiloweza kulishika.

Wewe uliye shuleni utakutana na maumbo mengi ambayo wengine wamekwisha kukuchagulia: urefu wa dawati, ukubwa wa herufi za kitabu, kimo cha ngazi ya mlango. Mengine hayakufai, na mengine yakufaa wewe lakini yamemshinda aliye karibu nawe, naye amekaa kimya akisema ameshiba. Siku utakayokuwa seremala, mwalimu, tabibu au mpishi, utakuwa wewe ndiwe mwenye kuchagua. Tambi za supu ni mazoezi mepesi ya kazi hiyo, maana makosa yake ni ya bei ndogo na mafanikio yake huonekana siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo utakapotumwa dukani kununua tambi, au utakaposimama mbele ya sufuria na pakiti mkononi, jiulize: kijiko ni cha ukubwa gani, supu ni nzito au nyepesi, italiwa lini, na ni nani atakayeila. Kisha fungua pakiti, na ikiwa umbo halifai, chukua kitambaa na mchi.